Oili ya Canter yangu ilikuwa inapotelea kwenye altaneta

Fundi injini alitoa hukumu kabla hata kabini haijainuliwa: "Kaka, ringi zimekwisha. Tushushe injini, tufanye ovahoo." Canter yangu, lori dogo, ni ya zamani, injini 4D33 ya lita 4.2, haina tabo. Inashusha nyanya kutoka Ilula, Iringa, kwenda Dar es Salaam na kurudi na saruji au bati. Kwa mzunguko mmoja ilikuwa inakata karibu lita tatu za oili. Injini kongwe ya dizeli ikila lita moja kwa kilomita 1,000 dereva hashtuki. Lita tatu zinashtua.

Sikubisha kwamba ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kuungua, huisha. Nilichokataa ni kushusha injini kwa kuhisi. Ovahoo ni pistoni, ringi, slivu, beringi, seti nzima ya gasketi na kazi ya kuchonga, tena gari limesimama msimu wa nyanya umepamba moto. Pesa ya namna hiyo mtu anaitoa akiwa na ushahidi mkononi.

Oili iliyopungua imepita mahali. Ama imeungua ndani ikatoka na moshi, ama imeingia kwenye maji, ama imevuja nje. Kabla ya yote nilianza kupima vizuri: stiki ya kupimia oili naitazama asubuhi tu, injini imelala, gari limesimama palepale kwenye sakafu tambarare. Ukipima leo mlimani na kesho bondeni, huwezi kujua imepungua kiasi gani.

Moshi hauhitaji spana. Nilimwambia utingo awashe asubuhi, mimi nikasimama nyuma kwenye ekzosi. Ulitoka moshi wa bluu kidogo, halafu ukakata. Huo kwa kawaida ni wa sili za valvu, mipira inayozuia oili isipite kwenye valvu. Usiku oili huchuruzika ikaingia kwenye silinda, ukiwasha inaungua na kwisha. Bluu ya ringi haikati hivyo, na huzidi gari likiwa na mzigo. Kwa hiyo nilimwomba dereva mwenzangu anifuate tukipanda mlima Kitonga nikiwa na saruji. Akasema anaona mweusi ninapobadilisha gia, basi. Mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, si oili.

Kisha nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu, nikakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake bila kukikaza. Ringi zikiwa zimekwisha, mgandamizo unapenya chini ya pistoni na kukirusha. Changu kilitikisika tu, kikabaki pale. Bomba la pumzi nalo lilitoa mvuke mwepesi, halikuwa likitema oili. Hapo nilikuwa na hoja ya kumwambia fundi asubiri.

Upande wa maji ulikwisha haraka. Rejeta ikiwa baridi niliifungua: hakuna utando wa mafuta juu. Stiki haikuonyesha rangi ya chai ya maziwa. Oili na maji havijakutana.

Ikabaki nje, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa sababu gari la zamani limelowa kila mahali. Ubavu wa injini yangu ulikuwa mweusi kuanzia tapeti kava (kifuniko cha juu) hadi sampu (bakuli la oili la chini), na chesi nyuma yake inang'aa. Oili hushuka chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo pale inapodondokea pasikudanganye. Tafuta sehemu iliyolowa ya juu kabisa na ya mbele kabisa. Tuliifunga altaneta, ile inayochaji betri, kwa nailoni, tukasugua injini kwa brashi na dizeli, tukaosha kwa maji ya sabuni, ikakauka. Nailoni ikatolewa, tukapaka ubavu wote poda ya mtoto, nikaenda nayo barabara kuu mwendo wa kawaida na kurudi.

Tapeti kava ilikuwa na alama ndogo kwenye kona. Sampu kavu. Lakini poda ya nyuma ya altaneta ilikuwa imekuwa tope, na matone yamerushwa kwa mstari hadi kwenye chesi.

Injini ya dizeli ya aina hii haina mvuto wa kutosha kwenye njia ya hewa wa kusaidia breki, kwa hiyo ina pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa. Kwenye Canter hizi pampu imekaa mgongoni mwa altaneta, inazungushwa na shafti ileile. Inalainishwa na oili ya injini: hozi nyembamba inaleta, hozi nene inarudisha kwenye sampu. Kati ya pampu na altaneta kuna sili moja. Ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta na kurushwa nje inapozunguka. Ndiyo maana gari likisimama hudondosha kidogo, safarini linamwaga.

Nikakumbuka taa ya chaji. Ilikuwa ikimeta usiku, na fundi umeme alishabadilisha kaboni za altaneta akaniambia, "Bosi, hizi za siku hizi feki." Kaboni hazikuwa feki, zilikuwa zinaogelea kwenye oili. Fundi umeme aliona kaboni, fundi injini aliona oili, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu ndivyo wenye magari wanavyouziwa ovahoo wasiyoihitaji.

Altaneta ilipofunguliwa, oili ilimwagika kwenye beseni. Tuliweka sili mpya na oringi, lakini nilisisitiza tujue kwa nini ile ya zamani ilikufa. Hozi ya kurudishia ilikuwa imebadilishwa zamani kwa hozi ya maji. Mpira wa maji hauvumilii oili ya moto. Ulikuwa umevimba kwa ndani na kubana njia, oili ikarundikana kwenye pampu na kuisukuma sili. Bila kuweka hozi ya mafuta yenyewe, sili mpya nayo ingekufa. Kabla ya kufunga tulidondoshea pampu oili kidogo isizunguke kavu.

Breki nilizijaribu mwenyewe, maana pampu hii ndiyo ninayoitegemea nikiteremka Kitonga na nyanya. Injini imezimwa, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo, washa. Yangu ilizama kidogo chini ya mguu, kama inavyotakiwa.

Sasa inakula chini ya lita moja kwa mzunguko, na taa ya chaji imetulia. Gasketi ya tapeti kava nimeshabadilisha. Sili za valvu nitazibadilisha msimu ukiisha, kwa sababu ule moshi wa bluu wa asubuhi bado upo.