Jinsi nilivyoifanya kozi ya hesabu za vikundi iwashirikishe wanaosoma kwa simu

Kozi ninayofundisha mtandaoni inahusu utunzaji wa hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, na wengi wanaoisoma ni waweka hazina wanaojifunza usiku kwa simu, kwa bando wanalonunua wenyewe. Nilipoikabidhiwa ilikuwa na video ndefu na majalada ya kusoma, na kumbukumbu za Moodle, mfumo huria wa kuendeshea masomo uliotolewa mwaka 2002, zilionyesha kuwa washiriki walifungua masomo ya mwanzo kisha wakapotea hadi wakati wa mtihani.

Nilianza na video. Nilizikata vipande vifupi na kupunguza ubora wa picha, kwa kuwa ukurasa wa leja husomeka vizuri hata kwenye picha hafifu mradi maandishi yawe makubwa, kisha nikatumia H5P, programu huria iliyoanzia Norway, ambayo humwezesha mwalimu kupachika swali katikati ya video. Katika somo la riba, kwa mfano, naeleza kuwa mwanachama amekopa shilingi 600,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Hapo video husimama na kumtaka mshiriki aandike jumla ya riba kabla sijasema lolote. Riba ikitozwa juu ya mkopo wa awali huwa 12,000 kila mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Ikitozwa juu ya deni lililobaki, huku rejesho la mkopo wenyewe likiwa 50,000 kila mwezi, hushuka kutoka 12,000 hadi 11,000, kisha 10,000, mpaka 1,000 mwezi wa mwisho, na jumla yake ni 78,000. Mtu aliyekwisha kuandika kadirio lake haipiti tofauti hiyo ya 66,000 bila kushtuka, na hapo ndipo maswali kuhusu mikopo ya vikundi vyao wenyewe yalipoanza kumiminika.

Kwenye majaribio tatizo lilikuwa jingine: majibu yalisambaa katika kundi la WhatsApp kabla ya jioni. Sikulifunga kundi hilo. Nilichofanya ni kuyageuza maswali yawe ya kukokotoa, aina ambayo Moodle humpa kila mtu tarakimu zake huku kanuni ikibaki ileile, hivyo jibu la mwenzako halikusaidii hata ukilinakili. Mazungumzo ya kundi yakabadilika. Mmoja aliandika, “Jamani, mwezi wa pili mnaanzia na deni lipi, la mwanzo au lililobaki?” na wenzake wakamwelekeza hatua kwa hatua hata kabla sijaliona swali lake.

Mashindano ya Kahoot, programu ya chemsha bongo ya mtandaoni, niliyajaribu pia, na hayakosi uchangamfu, lakini hutoa alama zaidi kwa anayejibu haraka. Kwa maoni yangu hilo humzawadia mwenye mtandao mzuri kuliko mwenye akili ya hesabu. Sasa nayatumia kuchangamsha tu, bila kuyahesabu katika maksi.

Kilichowasaidia zaidi walio mbali na mnara ni programu ya simu ya Moodle, inayoruhusu kupakua somo palipo na mtandao na kulisoma baadaye bila intaneti. Jaribio nalo hufanyika hivyo, ilimradi mwalimu aruhusu katika mipangilio yake na asiweke kikomo cha muda, na majibu hutumwa mtandao ukirudi.

Vipindi vya moja kwa moja nimevipunguza. Kabla ya kila kimoja napitia ripoti ya jaribio, nachagua swali moja lililowashinda wengi, na tunalifanya hilo tu, kila mshiriki akiwa na daftari lake mbele yake. Mara nyingi huwa ni usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, hasa yale makato ambayo yamo kwenye taarifa ya benki lakini mweka hazina hajayaingiza katika daftari la fedha.