Kumbukumbu ya mradi wangu: IBM XT iliyogoma kuwaka

Jumamosi ya kwanza

Kompyuta hii, IBM 5160 ambayo wengi huijua kwa jina la XT, ilikaa miaka mingi katika stoo ya chama cha ushirika kabla ya mhasibu wake mstaafu kuniletea hapa Migosi, mtaa wa Kisumu, akaniambia, "Mwalimu, ichukue wewe, la sivyo itauzwa kwa kilo pamoja na mabati." IBM ilianza kuiuza modeli hii Machi 1983, ikiwa na prosesa ya 8088 inayokwenda kwa kasi ya megahezi 4.77 na diski ngumu ya megabaiti 10. Nia yangu ni kuiamsha kwa vipuri vyake vyenyewe, wala si kulitumia kasha lake kuficha mashine mpya.

Nilipofungua kifuniko nilikuta nyigu wamejenga vyumba vitatu vya udongo kati ya kadi ya skrini na ubao mama, yaani bodi kuu ya mashine. Nilivilowesha kwa spiriti, nikavikwangua kwa kijiti cha mwanzi ili nisiparuze nyaya za shaba, kisha nikapiga brashi kila mahali. Lebo ya kisanduku cha umeme, kile kinachoilisha mashine yote, inaonyesha volti 220 hadi 240, kwa hiyo stima yetu inakifaa, ingawa nimeipitisha kwenye stabilaiza kwa sababu mtaani kwetu hupanda na kushuka jioni.

Nilibonyeza swichi kubwa nyekundu ya upande wa kulia. Feni ilitikisika kama robo ya mzunguko, ikatulia. Spika haikulia, skrini haikuonyesha hata kistari. Nilizima, nikangoja dakika moja, nikawasha tena, na mambo yakawa yale yale.

Jumapili

Nilikipeleka kisanduku cha umeme kwa fundi wa redio karibu na soko la Kibuye. Alikiunganisha peke yake kwenye stima, akaona feni haizunguki, akasema, "Mwalimu, hiki kimekufa. Nitafutie muda nikutengenezee kingine cha kisasa." Ni fundi hodari na namheshimu, lakini sikuridhika na kipimo hicho, kwa kuwa visanduku vya aina hii havikubali kufanya kazi bila mzigo. Kisipopata kitu cha kula umeme wake, hujizima chenyewe. Vilevile hujizima kikikuta shoti mbele yake, ili kisiungue. Kwa hiyo ukimya ule ule ungeweza kuwa na maana mbili zinazopingana: ama kisanduku ni kibovu, ama ni kizima na kinajilinda.

Njia ya kutenganisha mawili hayo ni kukipa mzigo wa uongo. Nilinunua Kondele balbu tatu za breki za bodaboda, za wati 21 kila moja, na moja ndogo ya wati 5. Zile tatu niliziunga sambamba kwenye waya wa volti 5, na ile ndogo kwenye waya wa volti 12. Balbu ya breki imetengenezewa volti 12, kwa hiyo kwenye volti 5 haing'ai, ila hula takribani ampea moja, na tatu zikiwa pamoja zinatosha kukiridhisha kisanduku hiki cha wati 130.

Niliwasha nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma. Feni ilizunguka na kuendelea kuzunguka. Nyuzi za balbu tatu zilikuwa nyekundu iliyofifia, kama makaa yanayokaribia kuwa majivu, na ile ndogo iliwaka kikamilifu. Mita ilisoma 5.06 na 12.1, na zile volti hasi mbili, ya 5 na ya 12, zote zilikuwepo. Kisanduku hakikuwa na ubaya wowote. Nilifurahi sana, na pia niliogopa kidogo nilipofikiria jinsi ambavyo kingekwisha kutupwa siku hiyo hiyo.

Jumanne jioni

Kama kisanduku kinajilinda, basi shoti iko kwenye mashine. Nilichomoa kadi zote, diski ngumu na kiendeshi cha flopi, nikapima ukinzani kati ya nyaya za umeme na zile nyeusi za kurudishia umeme kwenye soketi ya ubao mama. Volti 5 ilionyesha ukinzani wa kawaida; volti 12 ilionyesha omu 1.3, na mita ikapiga kelele. Hakuna kifaa kizima kwenye ubao huo kinachopaswa kuwa na ukinzani mdogo kiasi hicho.

Kwenye ubao mama waya wa volti 12 hauna kazi nyingi. Hupita kuelekea kwenye nafasi za kadi, na njiani kuna kapasita (vifaa vidogo vya kutunza umeme) chache za metali ya tantalamu, zenye umbo la tone na miguu mitatu, wa katikati ukiwa chanya. Kapasita za aina hii zikichakaa mara nyingi hugeuka kuwa shoti, na ya kwangu haikuwa imeungua, haikuwa na ufa, wala haikunuka. Ilifanana kabisa na wenzake. Niliyeyusha risasi iliyoishika kapasita ya kwanza nikaing'oa, mita ikaendelea kulia. Nilipong'oa ya pili, ikanyamaza.

Maandishi yake yalisema mikrofaradi 10, volti 16. Tantalamu hudumu zaidi ikipewa nusu tu ya volti iliyoandikiwa, kwa hiyo kuiweka ya 16 kwenye waya wa 12 kulikuwa kuibana mno tangu mwanzo. Nimeagiza za volti 35 kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zije kwa basi, na nitabadilisha zote za waya huo.

Jumamosi ya pili

Kapasita zimefika na zimekaa. Kabla ya kuwasha nilihakikisha mara mbili kwamba nyaya nyeusi za plagi mbili za umeme zimekutana katikati, kwa maana ukizibadilisha nafasi unaua ubao mzima. Niliweka kadi ya skrini tu. Feni ilizunguka, kistari kikatokea kwenye skrini ya kijani, kumbukumbu ikaanza kuhesabiwa, kisha hesabu ikakatika na namba zikatokea: ya kwanza ikianza na 1, ikifuatwa na 04 na 201.

Hii 201 ni taarifa ya kumbukumbu mbovu, na namba nyingine zinaonyesha mahali. Ubao huu una safu nne za chipu tisa tisa, nane za data na moja ya ukaguzi, na kila safu ni kilobaiti 64. Hesabu huanza na 0, kwa hiyo ile 1 ya mwanzo ni safu ya pili, na 04 ni biti ya 2, yaani chipu moja tu ya safu hiyo. Niliichomoa chipu hiyo kutoka soketi yake, nikabadilishana na mwenzake wa safu ya nne. Kosa likahamia safu ya nne, nami nikawa na uhakika. Niliweka chipu nyingine ya aina hiyo, 4164, kutoka kadi ya zamani ya kumbukumbu niliyokuwa nimeihifadhi.

Safari hii ilihesabu hadi 256 bila kusita, spika ikalia mlio mmoja mfupi, na kwa kuwa haikupata diski yoyote, ikafungua BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyomo kwenye ROM yake, yaani kumbukumbu yake ya kudumu, na kuandika Ok. Niliandika PRINT 12*12 na ikanijibu 144. Mhasibu nilimpigia simu hapo hapo, akacheka, akauliza kama daftari za chama bado zimo kwenye diski ngumu.

Sijaiunganisha bado. Nayo ina tantalamu zake kwenye waya wa volti 12, kwa hiyo Jumamosi ijayo nitaipima ukinzani kwanza, halafu nisafishe grisi iliyoganda kwenye reli za kiendeshi cha flopi, ambacho kichwa chake kwa sasa hakisogei hata ukikisukuma kwa kidole.