Mikro ilikuwa inapiga mlio, sasa imetulia

Wiki tatu mfululizo, kila nikianza kuimba kwenye baa moja ndogo ya Katuba, hapa Lubumbashi, spika zinalia "wiiii" mpaka watu wanaziba masikio. Nilipunguza sauti, hawakunisikia. Nilibadilisha waya, nikaazima mikro nyingine. Bure.

Kwanza nikatoa spika nyuma yangu, nikaziweka mbele, zikiwaelekea watu. Mlio ukapungua, haukuisha. Kumbe ni mkono! Nilikuwa nashika mikro kichwani, kwenye wavu, jinsi waimbaji wengi tunavyopenda. Chini ya wavu kuna njia za hewa zinazoizuia mikro isinase sauti za nyuma. Ukizifunika, inanasa kila upande, hata sauti ya spika zenyewe, inairudisha kwenye spika, na ndiyo mlio. Nikashusha vidole hadi kwenye mpini, mdomo karibu kabisa. Jumamosi nimeimba nyimbo zote, hakuna mlio hata mmoja.