Nimerudi na madaftari

Nimerudi jamani. Miaka 11, nchi 3, na shangazi hata sijakaa ananiuliza "haya, umetuletea nini huko?" nikafungua begi, madaftari tu 😂 alicheka huyo mpaka akashika ukuta.

Fani yangu ni tawi la hisabati linaloitwa nadharia ya uwakilishi ya kijiometri. Jina linatisha ila kazi yenyewe ni kuchukua swali la aljebra lililogoma, ukalitafutia umbo, ukalisoma jibu kwenye umbo. Mwaka 1979 wanahisabati Kazhdan na Lusztig walitoa konjekcha (dai ambalo bado halijathibitishwa) ya aljebra kabisa, 1981 tu Beilinson na Bernstein wakaithibitisha kwa jiometri, na Brylinski na Kashiwara nao kivyao hivyohivyo. Hiyo ndo iliyoniteka.

Maisha yenyewe sasa. PhD miaka 5, posdok (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) ya miaka 3, posdok nyingine 3, na kila mahali ukishazoea tu njia ya ofisini unaanza tena kutuma maombi ya kazi. Pepa yangu moja ilikaa kwenye jarida miaka 2, jibu likaja aya moja, kwamba lema ya 4 (hatua moja ya uthibitisho) ina tundu, na kweli lilikuwepo, nikaliziba miezi 6 huku mkataba unaisha. Mwaka 2024 Gaitsgory, Raskin na wenzao wakatoa uthibitisho wa Langlands ya kijiometri, konjekcha kubwa ya fani hii, kurasa zaidi ya 800, nisiwadanganye mimi nimesoma utangulizi.

Sasa juzi mpwa wangu kaniganda, mjomba nionyeshe basi. Nikakunja karatasi ikawa koni. Nikamwambia matriksi (majedwali ya namba) za 2 kwa 2 ambazo ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe unapata sifuri, zinakaa kwenye koni kama hii, na nyingine kama hiyo imegeuzwa, zimegusana ncha. Kila matriksi iulize, unafuta mstari gani, yaani unaugeuza wote kuwa sifuri? Kila moja inakutajia mmoja tu, isipokuwa sifuri pale kwenye ncha, yeye anafuta yote. Dogo kanyamaza weee, halafu "kwa hiyo pale kwenye ncha mistari yote imebanana?" Mimi kulielewa hilo lilinila mwaka mzima, na nilikuwa nalipwa.

Asubuhi nimekuta koni mezani, ncha imekatwa kwa mkasi, pamebaki tundu la duara, na pembeni kaandika kwa penseli "sasa imepumua".