Mapazia yaliyorudi na ule uzi wa bibi

Kwetu kushona ni kama ugonjwa wa ukoo, bibi alishona, mama akashona, mimi nikajifanya mjuaji nikasema vya dukani vinatosha. Mpaka nilipochoka na mashuka ya poliesta yanayonitoa jasho usiku kucha, nikaifuta vumbi cherehani ya bibi, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikaapa humu ndani itabaki pamba na kitani tu.

Nikaanza na mapazia. Sasa kuna jamaa mmoja anajiita fundi akaniambia eti pamba nzuri hairudi, yaani haisinyai ikifuliwa, we kata tu ushone, utafua baadaye. Nikamsikiliza! Nimeshona siku mbili, nimetundika, yanagusa sakafu sawasawa, na picha nikapiga. Wiki tatu mbele nikayafua kwa maji ya moto. Jamani. Yalivyokauka yalikuwa yamepanda kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, tena bora yangepanda sawa, upande mmoja ulipanda zaidi maana kumbe nilikata mshazari na sikujua. Mama alivyoyaona hakusema neno, alikaa chini akacheka mpaka akajifutia machozi kwa pazia hilohilo.

Nikamuuliza, kwani bibi alikuwa anakataje? Akachukua kipande cha kitani, akatia mkasi kidogo pembeni, akachokoa uzi mmoja wa mshindio, ule unaokatiza upana wa kitambaa, kwa ncha ya sindano akaanza kuuvuta taratiiibu huku mkono mwingine unasukuma kitambaa nyuma, kinajikunjakunja kama kiuno cha suruali ya kamba. Uzi ulipotoka wote ukaacha kijistari chembamba kinachopitisha mwanga, kutoka ukingo mpaka ukingo, mkasi unafuata humohumo. Rula ya nini? Mimi wangu ulinikatikia mara nne kwa pupa, ukikatika usianze upya, kata mpaka pale kijistari kilipoishia halafu chokoa tena ncha yake uendelee.

Na usiamini kila anayekwambia hii ni pamba tupu. Niliuziwa jora zima hivyo, hela imeenda, kufika nyumbani nikachomoa nyuzi mbili nikaziwasha kiberiti, zikayeyuka zikawa kashanga keusi kagumu. Pamba ya kweli inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ukiligusa linasagika. Siku hizi naomba kipande kwanza, wanaonuna wanune.

Kufua kabla ya kukata sasa ni sheria, na maji yawe ya moto kuliko yale utakayofulia baadaye. Kitani nakipiga pasi kikiwa bado kibichi kibichi, ukikiacha kikauke kabisa utakesha na makunyanzi.

Foronya nazishona mishono miwili, kwanza mgongo kwa mgongo, uso wa kitambaa ukiwa nje, napunguza nyuzi, nageuza, napitisha tena, ndani hakuna hata uzi unaochungulia. Ile ya kwanza nilinogewa nikazunguka pande zote nne, nikabaki na foronya isiyo na mdomo.

Yale mapazia mafupi nimeyakata foronya sita. Kipande kilichobaki mama amekichukua, anafunikia cherehani, na kila mgeni akiingia lazima amwonyeshe.