Angalia nyuma ya tishu

Jumamosi nilienda town kununua chaja tu, nikajikuta nimesimama Moi Avenue mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa duka moja kubwa, sasa limekatwakatwa vibanda vya ekzibishen hadi kupishana na mtu ndani ni shida. Chaja nilipata kwa dakika mbili, hapo silalamiki. Nilichomiss ni kuzurura.

Kama ulikulia Nairobi miaka ya 2000 unajua, mwisho wa mwezi baba amelipwa, tunavaa viatu vya kanisani tunaenda supamaketi. Tunanunua unga, mafuta, sukari basi, hiyo ingine yote ni kuangalia. Nakumatt walikuwa na tivii, makochi, baiskeli, na yule ndovu wa nembo yao, na mama alikuwa analala kabisa kwa magodoro kuyapima na hakuna mtu alimfukuza. (Jina lenyewe lilitoka kwa magodoro, Nakuru Mattresses, na Tuskys, supamaketi ingine, nao kwa makaratasi walikuwa Tusker Mattresses, sijui godoro lilikuwa na baraka gani.)

Sasa watu wanasema ati ni intaneti iliua haya maduka. Wapi! Sisi tulikuwa tunapanga laini. Shida ilikuwa huko nyuma, kwa ofisi. Supamaketi inachukua mkate kwa deni, inauza leo leo kwa keshi, halafu aliyeuleta analipwa baada ya miezi miwili mitatu kama ana bahati, na hizo pesa zikiwa bado zinazunguka unaona tawi jipya limefunguliwa na lingine tena, hadi Nakumatt wakavuka mpaka wakaingia Uganda, Rwanda na Tanzania. Mauzo yakipungua kidogo tu hesabu inakataa.

Shangazi yangu alikuwa anapeleka sukuma na dania kwa supamaketi moja, jina nalimeza. Kila Ijumaa anaambiwa cheki haijasainiwa, rudi wiki ijayo. Na hangeweza kuacha kupeleka, kwa sababu ukiacha lile deni la nyuma utamdai nani? Mwishowe aliuza pikapu. Anasema yeye ndiye alikuwa benki yao, tofauti ni kwamba riba hakuiona.

Sisi wateja tuliyaona kwa shelfu. 2017 unaingia Nakumatt unapata tishu zimepangwa vizuri sana, mstari mmoja, mbele kabisa, ukivuta moja nyuma ni hewa. Sabuni ya aina moja imetandazwa mahali pa aina kumi. Wafanyakazi wamesimama tu, wengi kuliko wateja, na wanakusalimia kwa upole hadi unaona haya kutoka mikono mitupu. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Na si kwamba hatukuwa tumeonywa, supamaketi ya Uchumi ilifunga milango 2006 serikali ikaiokoa ikarudi tena kuyumba, halafu baada ya Nakumatt, Tuskys naye akaingia shimo lile lile.

Siku hizi kuna Naivas, kuna Carrefour tangu 2016, kuko sawa. Lakini shangazi akiingia supamaketi yoyote hata kabla achukue kikapu anaenda kwa tishu, anapitisha mkono nyuma ya mstari wa kwanza. Juzi nilikuwa naye, akapata zimejaa hadi ukutani. Akanunua mbili.