Mikongo ya bahari: mingi tunayo, njia ndizo chache

Kila mkongo wa baharini unaotubebea intaneti unapokatika, habari hutupa jina la mkongo, orodha ya nchi zilizoathirika na taarifa kwamba mafundi wako kazini. Ni nadra kuambiwa mkongo ule unapita wapi, na ile iliyobaki inapita wapi. Kwangu hilo ndilo swali lenye uzito. Afrika Mashariki haina tena uhaba wa mikongo. Ina uhaba wa njia za kutokea.

Tuutazame mwaka 2024. Tarehe 18 Februari meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mabaharia wakaihama, nayo ikaelea siku kadhaa huku nanga ikiburuzika sakafuni mwa bahari. Tarehe 24 mikongo mitatu ikakatika katika Bahari ya Shamu: Seacom upande wake wa kaskazini, AAE-1 na EIG, na inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyoikata. Sehemu ya data za kwenda Ulaya ikageuziwa kusini. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom upande wa kusini zikakatika siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini. Hapo Tanzania ikaumia vibaya. Kenya iliumia pia, lakini ilikuwa na TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa moja kwa moja hadi Fujairah tangu 2009, nao haukuguswa.

Kwenye orodha ya mtoa huduma, EASSy na Seacom ni mikongo miwili tofauti, yenye wamiliki tofauti. Baharini, yote miwili inaibukia nchi kavu pahali pamoja, Mtunzini, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Aliyenunua uwezo wa kupitisha data kwenye yote miwili akielekea kusini alilipia akiba ambayo tukio moja la sakafuni lingeweza kuifuta, na ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kuhusu matengenezo, maana hapa ndipo watu wanapokasirika bila kujua muda unakwenda wapi.

Hatua ya kwanza ni kujua palipokatika. Fundi aliye kituo cha ufukweni hutuma mpigo wa mwanga kwenye faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data, na kupima muda wa mwangwi wake. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 3, tatizo liko kama kilomita 300 kutoka hapo. Ila kosa la 1% katika hesabu hiyo ni kilomita 3 nzima, na faiba yenyewe ni ndefu kidogo kuliko njia ya mkongo kwenye ramani. Jambo jingine ni vikuza mawimbi, vifaa vya kuupa mwanga nguvu upya, vinavyofungwa kila kilomita 60 hadi 100. Mwanga hupita ndani yake upande mmoja tu, kwa hiyo kipimo cha kawaida huishia kwenye kikuza cha kwanza. Inabidi kutumia kipimo maalumu ambacho mwangwi wake hurudi kupitia faiba nyingine ya jozi ileile.

Kipimo cha pili ni cha umeme. Vikuza hivyo hulishwa umeme wa volti maelfu kutoka ncha zote mbili kupitia mrija wa shaba ndani ya mkongo. Plastiki ikichubuka na shaba kugusa maji ya chumvi, umeme huvujia baharini. Volti zinazohitajika kufika hapo humwambia fundi umbali. Hapa kuna jambo ambalo habari hulikosea: mkongo uliochubuka tu, faiba zikiwa nzima, unaweza kuendelea kubeba data. Mafundi hurekebisha volti za kila upande mpaka sehemu yenye volti sifuri iangukie palepale penye jeraha. Basi si kila tangazo la matengenezo maana yake ni huduma kuzimika.

Hatua ya pili ni meli, na siku nyingi hupotelea hapa. Meli za kazi hii ni chache dunia nzima. Inayojulikana zaidi kwetu ni Léon Thévenin ya Orange Marine, iliyojengwa 1983, ambayo kituo chake ni Cape Town. Lazima ipakie mkongo wa akiba wa aina ileile, vifaa vya kuungia vinavyolingana na mkongo huo, kisha isafiri. Kutoka Cape Town hadi maji ya Mombasa ni zaidi ya wiki moja kwa mwendo wa noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa). Baada ya hapo kuna vibali. Katika Bahari ya Shamu kibali kilikuwa kigumu kuliko kazi yenyewe, kwa sababu Yemen ina pande mbili zinazodai mamlaka, na ukarabati ulichukua miezi. Kule kusini kazi ilikamilika ndani ya wiki chache.

Meli ikifika, hushusha kulabu na kuiburuta kukatisha njia ya mkongo. Kwenye maji ya kina mkongo hauna urefu wa ziada wa kuinuliwa mzima mpaka juu, kwa hiyo kwanza hukatwa makusudi kwa kulabu yenye kisu. Ncha moja huinuliwa, hupimwa mpaka ufukweni, huzibwa na kufungwa kwenye boya. Ncha ya pili huinuliwa, kipande kilichoingia maji huondolewa, kisha huungwa kwa mkongo mpya ambao meli huutandaza kurudi kwenye boya. Huko ndiko kiungo cha mwisho hufanyika.

Kuchomelea faiba moja ni suala la dakika, lakini kiungo kizima huchukua karibu siku nzima: kila faiba hupimwa, plastiki huyeyushwa upya kukizunguka, kisha hupigwa picha ya eksirei kutafuta viputo vya hewa. Kiputo kimoja kwenye volti elfu kadhaa kinatosha kuharibu kila kitu. Na kwa vile ncha zote mbili lazima zifike juu ya sitaha, mkongo hurudi chini ukiwa mrefu kuliko awali. Kwenye kina cha mita 2,000 huongezeka kilomita 4 au zaidi, na kila kilomita hupunguza mwanga kwa desibeli 0.2 hivi. Wabunifu huweka akiba ya kufidia upotevu huo, ila akiba hiyo huliwa kidogo kidogo kila mkongo unapokarabatiwa. Upepo mkali ukivuma katikati ya kazi, ncha hufungwa kwenye boya na meli hungoja.

Kuhusu papa, wanaosemwa kwamba huitafuna mikongo, sitasema mengi. Kati ya hitilafu 150 hadi 200 zinazotokea kila mwaka duniani, nyingi husababishwa na nanga na nyavu za kukokota. Samaki hawafikii hata 1%. Karibu na ufuo mkongo huvikwa nyaya za chuma na kufukiwa kwa sababu ya meli na wavuvi. Kwenye kina kirefu, ambako nanga haifiki, hauzidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani.

Habari ya 2Africa, mkongo unaoizunguka Afrika, naifurahia kwa sababu ambayo haitajwi sana. Wengi husifia ukubwa wake: kilomita 45,000, jozi za faiba hadi 16. Mimi naangalia inakoibukia. Dar es Salaam na Mombasa zimo, na upande wa Afrika Kusini inatua Amanzimtoti, kusini mwa Durban, wakati Mtunzini iko kaskazini mwa jiji hilo. Hiyo ni njia tofauti kweli. Kwenda kaskazini bado inapaswa kupita Bab el Mandeb kama mikongo mingine. Na TEAMS, pamoja na sifa zake, inakufikisha Fujairah. Kutoka pale kwenda Ulaya data nyingi hurudi kwenye Bahari ya Shamu ileile. Ndiyo maana mpango wa Umoja, uliotangazwa na Google Mei 2024, unanivutia kuliko mkongo mwingine wowote wa pwani: faiba ya nchi kavu kutoka Kenya kupitia Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Huko adui ni katapila la barabara, lakini katapila na nanga haviharibu siku moja.

Starlink, intaneti ya setilaiti, pia hutajwa kama tiba. Inasaidia sana zahanati au shule iliyo mbali na faiba. Lakini ilipoweka kituo cha kuunganishia intaneti Nairobi mwanzoni mwa 2025, data za wateja wa huko zilianza kushuka Nairobi, na kinachoelekea Ulaya kutoka pale hupita kwenye mikongo hiihii.

Kwa anayesimamia mtandao wa ofisi, benki au chuo, fanya haya kabla ya kukatika kwingine. Endesha traceroute (kwenye Windows ni tracert), amri inayoonyesha data inapita wapi, kwenda seva zako za nje wakati mambo ni shwari, uhifadhi matokeo. Kila kilomita 1,000 za ziada huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi, kwa hiyo ukiona ongezeko la 80 ghafla, njia imebadilika kwa kilomita kama 8,000. Majina ya ruta, vifaa vinavyoelekeza data njiani, mara nyingi yana vifupisho vya miji: mrs ni Marseille, jnb ni Johannesburg.

Mtoa huduma muulize kwa maandishi: mkongo gani, unatua wapi, na je, njia ya akiba inabeba data leo au ipo kwenye mkataba tu? Ukiwa na laini mbili zinazolingana, kila moja ikitumika 60%, moja ikifa ile nyingine inadaiwa 120% na zote mbili hazifai kitu. Weka kila moja chini ya 45% wakati wa kilele.

Kagua DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva. Tovuti nyingi zilizo kwenye seva za Dar au Nairobi hushindwa kufunguka kwa sababu seva zake zote za majina ziko Ulaya, au ukurasa unasubiri fonti na skripti kutoka nje. Hamishia angalau seva moja ya majina ndani ya nchi, fonti na skripti ziweke kwenye seva yako mwenyewe, na hakikisha mtoa huduma wako ameunganishwa na KIXP (Kenya) au TIX (Tanzania), vituo ambako mitandao ya ndani hubadilishana data, ili barua pepe ya kutoka Kariakoo kwenda Posta isizunguke Marseille.

Na nyumbani, mkongo ukikatika, zima VPN, programu inayopitisha data zako kwenye seva ya mbali. Video nyingi maarufu huhifadhiwa nakala kwenye seva zilizo ndani ya mitandao yetu. VPN inakutoa kwenye nakala hizo na kukupeleka kupanga foleni kwenye njia iliyobaki.